Kwa Nini Katika Somo Langu Tu

Bweni la Wanawake,
Chuo cha Elimu,
Jumapili mchana.

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote. Hamjambo huko? Mgongo unasemaje, au bado unakusumbua kwa kuinamia cherehani kutwa? Mimi mwili mzima, roho ndiyo ina mambo. Nakuomba barua hii uisome peke yako. Shemeji usimsomee. Simshuku kwa baya lolote, lakini unajua mwenyewe kwamba siri ikiingia sikioni mwake hailali humo.

Mwaka huu wa pili ndio wa masomo ya majaribio. Kabla hatujapelekwa kwenye shule za kweli tunafundishana sisi kwa sisi. Mmoja anasimama mbele awe mwalimu, wengine tunakaa kwenye madawati tukijifanya watoto wa darasa la tatu. Ungecheka, dada, ukiona mijitu mizima yenye ndevu ikinyoosha vidole na kulilia kuchaguliwa. Nyuma kabisa anakaa mkufunzi wetu tunayemwita Bwana Andalio, kwa kuwa hata ukikutana naye njiani kuelekea msalani atakuuliza andalio lako la somo liko wapi. Alama anatoa yeye. Ukishindwa mara mbili, wenzako wanakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha na wewe unarudia mwaka. Mimi mara ya kwanza nilishindwa. Nilikuficha kwa aibu.

Aliyeniangusha, nilivyoona mimi, ni mwenzangu wa chumbani. Vitanda vyetu vimepakana, kwa hiyo tunaitana Jirani. Katika masomo ya wengine Jirani ni mwanafunzi wa kuombwa: anajibu, anaandika, anacheka panapochekesha. Lakini nikisimama mimi anageuka kisiki. Nilikuwa nafundisha sehemu, zile nusu na robo za hesabu, nikawaambia wakunje karatasi mara mbili, yeye kanikodolea macho. Nikasema kalamu chini, yeye ndiyo kwanza anaandika. Nikamuuliza swali jepesi, akatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Darasa likaangua kicheko, na Bwana Andalio akaandika kwamba siwezi kulimudu darasa. Aliandika pia kwamba naongea na ubao badala ya kuongea na watoto, lakini hilo nililiona dogo.

Unanijua, dada. Paka akipita mlangoni mara mbili mimi nauliza katumwa na nani. Nikaanza kumchunguza. Kwa nini anakaa dawati la mbele kila siku? Kwa nini watu wakizungumza anawakazia macho midomoni, kana kwamba anahesabu meno yao? Kwa nini tukipiga soga anacheka wenzake wakiwa wameshamaliza kucheka? Kisha nikakumbuka kwamba shule iliyo nyuma ya chuo, ile ambayo kila mtu anaitamani kwa mazoezi, inapokea wawili tu wa somo letu. Nikajiambia, ahaa, kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza hata kufunga kabati langu kwa kufuli, na yeye akadhani naogopa panya.

Somo la pili likawa baya kuliko la kwanza. Nilikuwa nachora duara ubaoni, nikawaambia wote wasimame. Wakasimama, yeye kakaa. Nikiwa bado nachora nikawaambia waketi. Wanaketi, ndipo yeye anainuka peke yake! Walicheka mpaka Bwana Andalio akafunga faili lake. Mchana huohuo nilikwenda ofisini kwake nikamshtaki Jirani kwamba ananihujumu makusudi. Akaniambia hilo ni shauri la kamati ya nidhamu, mtu anaweza kufukuzwa chuo kwa sababu hiyo, na likithibitika nitapewa nafasi ya kufundisha upya. Nilitoka pale nimefurahi, Mungu anisamehe.

Kesho yake wito wa kamati ulimfikia. Nilingoja aje kunililia, lakini alikusanya nguo zake akaenda kufua, na utulivu huo ukanichoma kuliko matusi. Nikamfuata kwenye makaro ya kufulia nyuma ya bweni. Alikuwa peke yake, kainamia beseni, kanipa mgongo. Nikayamwaga yote hapohapo. Nilimwita mnafiki, nikamwita nyoka, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemshtaki na kwamba afungashe mapema. Yeye anakamua shuka tu. Nikasema moyoni, binti huyu ana roho ya jiwe. Nilipoishiwa maneno akageuka kutafuta sabuni, akaniona, akashtuka na kushika kifua. Halafu akacheka, akaniuliza nimefika saa ngapi, akanikaribisha nifulie povu lililobaki.

Dada, hapo ndipo nilipoelewa. Nilikaa kwenye sakafu iliyolowa maji.

Nilimuuliza polepole, uso kwa uso, naye akaniambia. Homa aliyougua kabla ya kuja chuoni ilimfunga sikio moja kabisa, na lililobaki linapata mvumo tu. Maneno anayasoma midomoni. Wenzangu hufundisha wakiwatazama watu, kwa hiyo anawapata. Mimi nikigeukia ubao anabaki gizani, anabahatisha. Nilimsihi aieleze kamati, akakataa katakata. Alisema akifukuzwa kwa utovu wa nidhamu atatafuta chuo kingine, lakini akirudishwa nyumbani kama kiziwi hakuna chuo kitakachomfungulia mlango. Anataka kwanza amalize mazoezi, waone kwamba anaweza, ndipo awaambie mwenyewe. Alimlaumu sana Bwana Andalio, maana aliamini ndiye aliyemshtaki, na kwamba mimi nimeitwa kwenye kamati kwa kuwa tu somo lilikuwa langu. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema.

Ijumaa tukaingia ofisini kwa mkuu wa idara. Bwana Andalio alisoma mashtaka kichwa kikiwa chini, mkono umefunika mdomo. Mkuu wa idara alikuwa amesimama dirishani, anatazama nje, akamuuliza Jirani ana la kujitetea. Jirani alikuwa anatazama meza. Akaulizwa tena, kimya. Mjumbe mmoja akasonya, akasema jeuri ndiyo hiyo imejionyesha, hakuna haja ya kupoteza muda.

Sasa, dada, nikuambie nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua. Siku ile ofisini nilitia chumvi. Nilimwambia Bwana Andalio kwamba nilimsikia Jirani kwa masikio yangu akijigamba kuwa ataniangusha ili achukue nafasi yangu. Hakujigamba. Niliyatunga mlangoni, nikiogopa kurudia mwaka. Na kamati ilikuwa inamhukumu kwa maneno hayo.

Nilisimama, nikahama kiti changu mpaka nikawa mbele ya Jirani, nikasema. Nilisema mshtaki ni mimi, nimezua, na darasa langu halikuelewa kwa sababu naongea na ubao. Habari ya masikio sikuigusa. Wameniandikia onyo, na mwaka narudia. Jirani amepangiwa shule ya nyuma ya chuo, anaanza kesho. Najua ulishawatangazia majirani kwamba mwakani mdogo wako ni mwalimu. Nisamehe, dada, na uwaambie utakavyoona inafaa.

Ila yale niliyomtolea mgongoni kule kwenye makaro hakuyasikia hata moja. Haya ya Ijumaa aliyasoma yote, moja baada ya jingine, mdomoni mwangu. Tangu siku hiyo hajanitazama usoni, na asiponitazama sina namna ya kumwambia kitu. Hivi sasa amekaa kitandani kwake, kanipa mgongo, anapiga pasi sketi ya kesho. Nikimaliza barua hii nitazunguka nipige magoti mbele yake, hata kama atafumba macho.

Nisalimie shemeji na wanangu, uwaambie mama mdogo anawapenda. Nakungojea jibu kwa hamu na kwa hofu.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwaka wa pili, na mwakani vilevile.