Sifuri ya Bibi

Mwenzangu, nimekwisha.

Zile hojaji za tasnifu, nilipowauliza watu wa kwa bibi wangetaka walipwe kiasi gani ili mto wao ufukiwe, unazikumbuka? Bibi alikataa kutaja bei. Akaniuliza, "Mama yako ungemuuza kwa ngapi?" Majirani nao wakakataa.

Na kwa kuwa nafasi ya jibu haitakiwi kubaki wazi, nikaandika sifuri. Wote. Sifuri.

Siku ya kutetea tasnifu, mhandisi wa manispaa inayotaka kuufukia mto alikuwepo. Akasoma, akasema, "Kumbe wenyewe hawadai hata senti. Tufukie."

Nikanyamaza. Nikapokea A yangu, nikanyamaza.

Sasa hivi bibi kapiga: "Mjukuu wangu, wapima ardhi wamefika mtoni. Wanasema karatasi yako ndiyo iliyowaleta. Niwapikie chai?"