Paka wa Gramu Tisini na Nane

Kingsbury, London
11 Aprili

Mdogo wangu mpendwa Restuta,

Mimi kaka yako Philemon nina miaka themanini na mmoja. Nimeshazika kaka zetu wote watatu, nimemzika mke wangu Generosa, nimezika mibuni yangu yote, na yule daktari wa Moshi aliyeniambia nimebakiza miezi sita, nilikwenda mazishini kwake na chakula nikala vizuri. Kwa hiyo mtu asije akakudanganya kwamba baridi ya London imeniweza. Mimi mzima kabisa isipokuwa goti, na goti lenyewe ni moja tu.

Habari za huko nyumbani Kilema? Mgongo wako unaendeleaje, na ule ukuta wa jikoni mmeshauziba kabla ya mvua? Natumaini barua hii itakukuta una nguvu zako. Mwanangu Haika anakusalimu sana. Alitaka aandike yeye kwenye simu huku mimi nasema, nikakataa. Hii naiandika kwa mkono wangu. Darasa la pili langu linanitosha, na ukikuta herufi imelala, iinue.

Restuta, nimefanya jambo kubwa huku ambalo hata vijana wao hawaliwezi. Nimelea paka. Usicheke, soma kwanza.

Ilikuwa Februari, barafu imeganda mpaka kwenye vioo. Asubuhi nilikuwa nimeona paka jike mwenye madoa amelala kando ya barabara, gari limeshampitia. Baadaye napeleka taka nyuma ya ghorofa letu, nasikia kasauti kama ka mlango usiotiwa mafuta. Nikasogeza mapipa. Vitoto vitatu. Viwili vilishakuwa baridi kama mawe. Cha tatu kilikuwa kinafungua mdomo, macho bado yamefungwa, masikio yamelala, kitovu bado kinaning'inia. Nikakitia ndani ya kofia yangu nikapanda nacho ngazi, na lile goti likanyamaza lenyewe.

Haika aliporudi kazini akanikuta nimeketi karibu na hita na kofia mapajani. Akasema huku kuna watu wa kazi hiyo, ni kuwapigia simu tu wanakuja kumchukua. Nikasema hakuna wa kuja kunitolea kitu mkononi. Akasema, lakini Baba, wewe hata chai hujipikii. Hapo nikakasirika, nikamwambia mama yako amekufa wewe una siku moja duniani, nani alikunyonyesha kwa chupa, si mimi huyu kwa mikono hii? Sasa paka atanishinda? Akaenda kuleta taulo.

Umeona nilivyojifunga, mdogo wangu. Kuanzia hapo nilijua paka huyu akinifia mikononi, na lile neno langu linakufa naye.

Nikaanza kwa ujuzi wangu. Wewe unajua ndama aliyefiwa na mama tunavyomfundisha kunywa. Unatumbukiza mkono kwenye ndoo, kidole kimoja unakiacha kitokeze juu ya maziwa, ndama anakinyonya, unamshusha kichwa polepole mpaka anakunywa mwenyewe. Ndama kumi na saba nimewalea hivyo na hakufa hata mmoja, ukiacha wale wawili. Basi nikamimina maziwa ya dukani kwenye sahani, nikaweka kidole, nikamshusha paka kichwa. Maziwa yakamtokea puani. Akakohoa kikohozi kidogo ambacho sijapata kukisikia kwa kiumbe chochote. Nikajaribu tena, kwa sababu unanijua. Kesho yake mchana anaharisha, shingo imelegea, hata kulia amekoma.

Kishor ndiye aliyeingia wakati huo. Huyu ni jirani wa chini yetu, Mhindi mzaliwa wa Moshi, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Kiswahili chake ni sawa na chetu na kejeli zake zinazidi zetu. Akasimama mlangoni akatazama sahani, akatazama kidole changu, akasema, mzee Philemon, huyu unamlisha au unambatiza? Nikamwambia mimi nimefuga miaka hamsini. Akasema ulifuga ng'ombe, mzee, na huyu hana pembe. Akaniambia maziwa ya ng'ombe ni sumu ya tumbo kwa mtoto wa paka, kwamba marehemu mke wake alilea paka wa mtaa mzima na yeye alikuwa mshika taa. Nikabisha. Akasema bisha, lakini bisha haraka, maana huyu hana muda wa kukusikiliza.

Tukatoka wote wawili kwenda kwa daktari wa mifugo, ambaye maisha yake hajapata kushika ng'ombe, nilimwuliza. Akamweka kwenye mizani: gramu tisini na nane. Restuta, kitunguu kimoja kinamzidi. Akatupatia maziwa ya unga ya vitoto vya paka na chupa ndogo yenye chuchu ya mpira, akasema usiku wa leo ukipita tutaona.

Ukapita. Sasa sikiliza namna yake, maana najua huko hakuna anayeijua. Halishwi chali kama mtoto wa mtu. Analala kifudifudi juu ya taulo, kichwa kimeinuka kidogo, chupa inamfuata yeye. Maziwa unayapima kwa kudondosha hapa kwenye kifundo cha mkono, usisikie moto wala baridi. Kila baada ya saa mbili. Akimaliza unamgonga mgongo kwa kidole mpaka acheue. Halafu kuna lile jambo ambalo nilidhani Kishor ananifanyia mzaha: mtoto wa paka hawezi kukojoa mwenyewe, mama yake humlamba. Basi unalowesha pamba kwa maji ya vuguvugu unamfuta pale nyuma mpaka atoe. Mimi, Philemon, ambaye sijapata kumfuta hata mwanangu, nilimfuta paka mara kumi na mbili kwa siku. Na nilikuwa namfuta vizuri. Kishor mwenyewe alikiri, na yeye kukiri kwake ni kama kung'oa jino.

Siku ya tatu akaongeza gramu sita. Siku ya tano, kumi na moja. Siku ya tisa nimemshika mkononi, jicho moja likapasuka kama ganda la njegere, ndani mna rangi ya samawati. Mtu wa kwanza yeye kumwona duniani ni mimi. Nilipiga kelele Kishor akapanda ngazi akidhani nimeanguka.

Sasa ana gramu mia saba na tisini. Anapanda pazia, anamng'ata Kishor vifundoni, anapiga kelele kutwa na kazi hafanyi, kwa hiyo nimemwita Diwani. Yule daktari aliniambia waliokuja kwake wakiwa hali ile, wengi hawakurudi. Nikamwambia hao hawakuwa na mimi.

Ningeweza kuishia hapa, na ingekuwa barua nzuri. Lakini ile siku jicho lilipofunguka Haika alilia. Akanipiga picha na chupa mkononi, akawatumia wenzake wote wa ofisini, akanisomea alichokiandika: huyu ni baba yangu, mimi pia alinilea hivi hivi mama alipofariki. Wakajibu wote wakinisifu. Sifa nazipenda, sitakuficha, lakini zile zilinishinda. Nilikaa nazo wiki sita. Angenisuta kwa yale maziwa ya puani ningebishana naye, kubishana naweza. Yeye alinisifu.

Jumamosi hii iliyopita nikamwambia azime televisheni. Nikamwambia mimi sikukunyonyesha hata siku moja. Siku mama yako alipokufa sikukutazama. Shangazi yako Restuta alikuwa na miaka kumi na tisa na barua ya chuo cha ualimu mkononi, akaiweka kwenye sanduku akakubeba wewe. Alikuchemshia chupa, alikufuta, alikaa na wewe miaka minne. Mimi nilikuwa nakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, nasimama mlangoni na sukari kilo mbili, nauliza hali yako toka hapo hapo. Nilisema ni kazi ya wanawake. Uongo. Niliogopa utanifia mikononi kama alivyonifia mama yako. Nilikuja kukuchukua ulipokuwa unatembea na kula mwenyewe, na siku hiyo ulikuwa unamlilia Restuta unamwita mama. Nikakukataza. Nikasema huyu ni shangazi, mama yako amekufa. Na watu wote wa Moshi nikawaambia nimekulea peke yangu, na wewe nikakuambia hivyo hivyo.

Hayo nimemwambia yeye, na wewe nakuambia sasa, maana wewe ulikuwepo na hujapata kunisuta hata mara moja kwa miaka arobaini na tano. Sijui uliwezaje. Gramu tisini na nane zimenionyesha ulichokifanya. Nimelea kwa wiki nane na nimekwisha. Wewe ulilea miaka minne na chuo kikaenda. Nisamehe, mdogo wangu. Neno hili sijazoea kuliandika, nimelifuta mara mbili.

Haika aliinuka. Akaosha chupa, akaniuliza kama chuo kilimngoja shangazi. Nikasema hakikumngoja. Akaingia chumbani akafunga mlango. Asubuhi nikamkuta jikoni anampa Diwani maziwa, akaniambia bila kugeuka kwamba siku zote nilikuwa nashika chupa juu mno. Nikabisha kidogo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mwambie mwanao Geofrey, huyu mtoto wake wa tatu amshike sasa, asisubiri atembee.

Ya paka ukiyatilia shaka, shahidi ni Kishor, ana alama za meno miguuni. Ya haya mengine shahidi ni Haika. Atakupigia Jumapili baada ya misa ya pili. Atakuitaje utakapopokea, hilo sijui na sikumwuliza. Nimemwambia tu kwamba lile katazo langu nimeliondoa.

Ni mimi kaka yako,
Philemon