Kona ya Kushoto

Dada yangu wa pekee,

Habari za huko, na mgongo je? Uliniandikia kwamba daktari amekukataza kuinama, nikacheka peke yangu, maana wewe na kuinama mliachana zamani, tangu enzi zile ulipokuwa ukitutuma mimi na Kaka kufagia huku umekaa kitini unatoa amri. Msalimie sana shemeji. Wapwa zangu waambie mjomba wao bado anashona, macho tu ndiyo yameanza kugoma. Wifi yako hajambo, anasema sweta zimefika salama, na yangu kaichukua yeye.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma mara nne. Ni kweli ulivyosikia redioni, baada ya miaka ishirini na saba hukumu ya Kaka imefutwa, na mahakama imeturudishia vitu vyake. Nilikabidhiwa kwenye boksi la karatasi: miwani iliyobaki na kioo kimoja, daftari, utepe wake wa kupimia, na ile bendera nyekundu. Karani alinisainisha mahali sita, kisha akanitakia siku njema. Siku njema, hebu fikiria! Unaomba nikutumie bendera kwa kuwa ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wake, na wewe hukuwapo kumzika. Dada, hata sisi tuliokuwapo hatukumzika. Tuliambiwa tu kwamba imekwisha, turudi nyumbani. Sasa bendera iko hapa mezani, na badala ya kuifunga nakuandikia.

Unakikumbuka chumba chetu cha mbele? Cherehani chini ya dirisha, chaki kila mahali mpaka kwenye sukari, na Kaka akiimba kwa sauti ile ya kufukuza kuku. Jina hili la Kiraka alinipa yeye, kwa sababu mwaka mzima alininyima kitambaa kizima, nikawa natia viraka tu. Wewe ulipoondoka alinichukua kiwandani alikoajiriwa, tukawa tunashona sare meza moja. Upindo alikuwa akiukunja mara mbili, kwenye kona anapunguza kitambaa kwa mkasi ili isinenepe, halafu anarudisha mshono mara tatu. Hakuna fundi mwingine aliyejisumbua hivyo. Nikirudisha mara mbili ananifumulia yote, na ole wangu ninune.

Saa ya chakula alikuwa akitusomea gazeti na kutueleza. Aliuliza inakuwaje watu washone makoti elfu moja kwa wiki na watoto wao watetemeke kwa baridi. Alisema kiwanda kiwe cha wanaokifanyia kazi. Bi Vifungo, yule mama wa meza ya vifungo asiyekubali kitu hivi hivi, alimwuliza kiwanda kikishakuwa cha wote, vyoo atasafisha nani. Kaka akajibu ataanza yeye, Jumatatu. Wote tukacheka. Jumatatu tukamkuta na ndoo na ufagio, suruali kaikunja magotini, na tangu hapo kila Jumatatu ikawa zamu yake. Wengi walijiunga na chama chake cha wafanyakazi kwa ajili ya ile ndoo zaidi kuliko maneno yote ya gazetini. Mimi nilimpenda mpaka nikawa natembea kama yeye.

Yaliyofuata unayajua, ila uliyajua kwa mbali. Wanajeshi waliposhika nchi walipiga marufuku vyama vya wafanyakazi. Siku mkuu wao alipokuja kukagua kiwanda, bendera ilionekana ikining'inia juu ya lango, imeandikwa kwa herufi nyeupe kwamba kiwanda ni cha wafanyakazi na nchi ni ya wananchi. Jioni hiyo walimkamata Kaka na wenzake sita. Mwendesha mashtaka akadai bendera ilikuwa ishara ya kuanzisha maasi, kwa hiyo aliyeitengeneza ndiye kiongozi, na adhabu yake ni kifo.

Siku ya tatu ya kesi walimwita msimamizi wetu. Alipewa bendera, akaipapasa ukingoni, akageuza kona, akahesabu. Akasema ameajiri mafundi mia mbili na mshono huu ni wa mmoja tu. Alisema huku anatazama chini, na sina hakika kama alimwonea Kaka au alisema tu alichokijua. Hakimu akamwuliza Kaka kama ni kazi yake. Kaka akasimama, akaomba aione kwa karibu, akaigeuza, akaitazama kwa muda. Halafu akasema ndiyo, ni yake. Wenzake sita wakafungwa jela. Yeye wakamnyonga baada ya wiki tano, alfajiri.

Wakati ule uliniandikia kwa hasira kwamba amejitupa kwa ajili ya kipande cha kitambaa, na ukauliza kwa nini hakukana. Nilikujibu kwamba Kaka alikuwa mkaidi. Dada, nilikudanganya.

Kaka hakutaka bendera. Tulipokutana kupanga tufanye nini siku ya ukaguzi alikataa katakata, akasema askari watakuwa wengi na yeye hataki damu ya mtu. Alitaka tukae tu kwenye cherehani zetu, mikono mapajani, kimya, mkuu apite katikati ya mafundi mia mbili wasioshona. Mimi niliona huo ni woga. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, najiona nimeiva. Jumapili mchana, yeye kaenda kumtazama mgonjwa, nikakaa kwenye cherehani yake chini ya dirisha nikaishona. Nilikunja mara mbili na kurudisha mara tatu, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kushona. Nilitaka akiiona aniambie Kiraka, sasa wewe ni fundi.

Ilikuwa yangu, Dada. Ni mimi.

Pale mahakamani nilitaka kusimama. Mama alikuwa kando yangu, akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi, na kabla sijajinasua Kaka alishasema. Sijui kama Mama alijua. Ameondoka duniani sijamwuliza. Na baada ya hapo zilibaki wiki tano nzima ambazo hakuna aliyenishika mkono, na bado sikusimama. Niliogopa. Huo ndio ukweli wote, wala siupambi.

Mara ya mwisho tulionana dakika tano, waya katikati yetu. Nilianza kulia, nikamwambia nakwenda kusema. Akaniambia nikisema watatunyonga wawili na Mama abaki na nani. Kisha akasogea kwenye waya akaninong'oneza kwamba kona ya kushoto, ya chini, nimeinenepesha, sikupunguza kitambaa, na kwamba aliona haya kweli kweli kusema ni yake mbele za watu. Tulicheka, Dada. Tulicheka mpaka askari akatufokea.

Kwa hiyo bendera nakutumia, lakini usiilalie ukidhani ni mkono wake. Mkono wake uko kwenye utepe wa kupimia, nimeukunja ndani. Pale namba zilipofutika ndipo alipozoea kushika. Ukiamua kutoniandikia tena, nitakubali, ingawa nitaumia sana.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, na mgongo uuguze, usijifanye msichana.

Ukifungua kifurushi, itazame ile kona. Wiki nzima nimeshika sindano nikitaka kuirekebisha, na nimeshindwa. Nimeiacha ilivyokuwa siku aliyosema ni yake.

Mdogo wako,
Kiraka