Ile Rangi Nyingine

Nyumbani kwa Ayala,
Mtaa wa Kanisani,
Potrero Yvaté,
Paraguai.
Jumapili, 15 Septemba 1996

Mpendwa Shangazi Obdulia,

Kabla ya yote naomba baraka zako. Nimekunja mikono kifuani kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo, ingawa huko Buenos Aires huwezi kuniona. Hujambo? Kifua kimepona? Ña Porfiria, mama yule wa kubeba barua, alipokuja mwezi wa sita alituambia kwamba baridi ya huko imekukaba, na kwamba yule mama unayemfanyia kazi hawashi moto mpaka baridi imguse yeye mwenyewe. Tafadhali vaa soksi mbili, na usilale na nywele mbichi.

Sisi hatujambo. Mgongo wa Baba unamsumbua lakini anaenda shambani, na akirudi hasemi kitu, kama unavyomjua kaka yako. Bibi ni mzima kabisa. Mihogo yote ameipanda mwenyewe, na amenituma nikuulize kama unakula. Nikimjibu kwamba umenenepa ananiambia kunenepa si kula.

Mimi ndiye sijui kama ni mzima. Tangu Jumatatu chakula kinanikwama kooni na usiku nageuka kitandani kama mkate wa chipa kwenye jiko. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani hakuna wa kumwambia, na utaelewa kwa nini.

Nagombea uenyekiti wa serikali ya wanafunzi. Usicheke. Chuo chetu cha ualimu ni kidogo, tuko wanafunzi themanini na wanne, lakini serikali ya wanafunzi ndiyo inayokaa na mkuu wa chuo na kumweleza shida zetu. Shida yetu kubwa ni pampu ya kisima, imekufa tangu Februari. Wasichana tunachota maji kwa jirani, ndoo kichwani, na wavulana wanakaa kivulini na vikombe vyao vya guampa wakingoja maji ya kulowekea majani ya tereré yafike. Siku moja nililipuka mbele ya wote. Nikasema kama pampu ingekuwa inanywesha ng'ombe wa mtu ingeshatengenezwa. Walicheka, wakapiga makofi, na kesho yake Derlis, yule kijana wa kwa fundi viatu, akaja na karatasi ya majina ishirini. Ndivyo nilivyoingia, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mpinzani wangu ni Rossana, binti wa ubatizo wa Don Eladio. Ndiyo, Shangazi, Don Eladio huyo huyo.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Mkuu wa chuo hataki siasa za mjini ziingie darasani, kwa hiyo kila kundi hupewa rangi kwa kura. Jumatatu alitia ndani ya kofia vitambaa vitatu vya rangi za bendera. Rossana akatangulia, akatoa cheupe. Mimi nikaingiza mkono, nikasema Bikira Maria nisaidie, nikatoa chekundu. Cha bluu kikabaki ndani ya kofia. Nilitaka kukizamia humo humo.

Hakuna haja ya kukueleza. Ulikuwa na miaka tisa Don Eladio, mkubwa wa chama, alipokuja mpaka mlangoni kumwambia Babu achague, kadi ya chama chekundu au darasa lake. Babu akachagua kutochukua kadi, na mwalimu mzima akaishia kukata miwa ya watu. Wewe ulimwona akiondoka na panga alfajiri. Mimi nimekulia katika yaliyobaki: skafu ya bluu ya Babu, rangi ya chama chake, kwenye kabati la Bibi, na Bibi ambaye hajawahi kulitamka jina la rangi ile. Kwake ni "ile rangi nyingine". Hata kuku wetu yule mwekundu anaitwa "yule wa rangi nyingine".

Bibi anajua nagombea, na anaringa kanisani hadi naona haya. Ameniuliza mara mbili rangi yetu ni ipi. Nimemjibu kwamba hatujagawiwa. Nimemdanganya Bibi, Shangazi! Skafu yangu nyekundu ya kundi nimeificha chini ya gunia la mihogo stoo, na kila asubuhi naiingiza ndani ya daftari kama mwizi, naivaa nikishapita kona.

Kura ni Ijumaa hii. Najua jibu lako haliwezi kunifikia kabla ya hapo, lakini nakuuliza vilevile: nimwambie? Au ningoje nishindwe, yaishe yenyewe? Ña Porfiria alikuwa aondoke kesho na barua hii lakini binti yake amejifungua, sasa ataondoka Jumapili ijayo. Basi nitaiacha wazi.

Alhamisi, jioni

Utaniwia radhi kwa mwandiko wa leo.

Desturi ya chuo ni kwamba siku moja kabla ya kura kila kundi linalisha watu. Sisi uwezo wetu ulikuwa chipa na tereré. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa jikoni na Bibi tukioka, na Derlis amekuja kuzichukua. Saa tatu tukasikia magurudumu. Mkokoteni umesimama langoni kwetu, ng'ombe wawili wanamvuta mwenzao: ubavu mzima wa ng'ombe, umefunikwa majani ya migomba. Aliyeuleta ni Karai Sixto, yule mzee anayemfanyia kazi Don Eladio, na unajua sauti yake.

"Hodi hapa! Nimeleta nyama ya wekundu!"

Bibi akatoka na unga mikononi. "Nyama ya nani?"

"Ya wekundu, Ña Eulalia! Don Eladio kasema, Sixto, wapelekee wekundu wa chuoni nyama yao. Nimeuliza chuoni wekundu ni akina nani, nimeambiwa ni Nimia wa kwa Ayala. Hongera, mama! Mwishowe mmekuja upande wetu!"

Ardhi haikupasuka, ingawa niliiomba. Bibi aligeuka akaniangalia, na mimi nikaangalia chipa.

Derlis akanivuta pembeni. Yeye alishaelewa yote kabla yangu. Don Eladio alitaka kumlisha Rossana, lakini haikumwingia akilini kwamba binti yake wa ubatizo anaweza kuwa na rangi nyingine isipokuwa yake. Hakuuliza. Kasema wekundu, na nyama ikafuata wekundu.

"Nimia, huyu ni ng'ombe wa miujiza," alinong'ona Derlis. "Tunachoma mchana, tunalisha chuo kizima, kesho tunashinda. Nani atajua?"

"Ni nyama ya Don Eladio."

"Ikishaiva ina jina? Mbona una mambo wewe! Ukirudisha, atakayeichoma ni Rossana. Utakuwa umempa kura arobaini na mbavu juu."

Alisema kweli, Shangazi, na hilo ndilo lililonitesa. Kati ya chipa zetu na ubavu ule hakukuwa na ushindani. Niliwafikiria wenzangu ishirini walioweka majina yao, nikaifikiria pampu, na nikaona kabisa jinsi ya kuiacha ile nyama ishuke bila mimi kusema neno. Kunyamaza tu kungetosha.

Nikaenda kwa Bibi, nikamwambia yote. Kofia, kitambaa, gunia la mihogo, uongo wangu mara mbili. Nikamwambia nyama hii si yetu, imepotea njia, na nataka kuirudisha, lakini nikiirudisha huenda nikashindwa. Nililia, sikufichi.

Bibi alinawa mikono taratibu. Sikuona usoni kama amekasirika, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Uliificha kwenye mihogo yangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Itakuwa imejaa udongo. Kaitoe, uikung'ute, uivae. Sixto, usishushe kitu. Geuza ng'ombe."

Akaingia ndani, akatoka na gauni la kanisani na skafu ya Babu shingoni. Tukaenda. Mbele Bibi na bluu yake, katikati ubavu wa ng'ombe, nyuma mimi na nyekundu yangu. Tulipita mbele ya chuo wakati wa mapumziko, na wote wakajaa uani kutazama. Mmoja akapiga kelele, "Ña Eulalia, ng'ombe ni chama gani?" Bibi akamjibu bila kugeuka, "Muulize sasa akiwa mbichi, akiiva hana chama!"

Don Eladio alikuwa barazani na guampa yake. Amezeeka, Shangazi. Mguu mmoja ameuweka juu ya kigoda.

"Ña Eulalia! Miaka mingapi hujakanyaga kwangu?"

"Thelathini na miwili. Na leo sikuja kukutembelea. Ng'ombe wako kapotea njia, nimekuletea."

"Nilisema wapelekewe wekundu, akina Rossana!"

"Rossana mwaka huu ni mweupe. Hukuuliza."

Akanitazama mimi, akaitazama skafu yangu, akaitazama ya Bibi. Halafu akasema angalau tuchukue mguu mmoja kwa ajili ya usumbufu, na Bibi akamwambia ahsante, nyumbani kuna maharagwe.

Wekundu wenzangu, isipokuwa Derlis, hawasemi nami. Mchana moshi wa nyama ulitanda kwa Rossana na chuo kizima kikahamia huko, hata wa kundi langu. Derlis aliniletea habari, kidevu kinang'aa mafuta, akasema amekula ili apeleleze. Chipa zetu zimebaki kikapu kizima. Bibi njiani na nyumbani hajaniambia neno zaidi ya "funga mlango". Sijui kama amenisamehe. Kesho ni kura, na ninaona kama nimeshashindwa mara mbili, chuoni na hapa.

Jumamosi, 21 Septemba

Heri ya majira mapya, Shangazi, leo ndiyo sikukuu ya vijana. Nimelala mpaka saa nne na nimekula sahani mbili.

Jana walihesabu mbele yetu wote. Profesa Zoraida, mwalimu wetu, anafungua karatasi moja moja, anasoma rangi, na mtu anachora mstari ubaoni. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, nyekundu, nyeupe. Tulipofika karatasi thelathini Rossana alikuwa na ishirini na moja. Nilihesabu misumari ya dari. Kisha zikaanza kuja zetu, mbili, tatu mfululizo, na Derlis akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi kuliko vyangu. Arobaini kwa arobaini. Zimebaki nne. Nyekundu. Nyekundu. Ya tatu Profesa akaitazama muda mrefu, akaiweka kando kwamba imeharibika, maana mtu hakuchagua yeyote, ameandika tu "Ahsanteni kwa nyama". Ya nne ilikuwa nyekundu.

Arobaini na tatu kwa arobaini. Walikula kwa weupe wakatupigia sisi. Kwa nini, sijui kwa hakika. Wasichana wanasema ni ndoo. Wengine wanasema ni ule mkokoteni. Rossana alinikumbatia, akasema nyama ilikuwa ngumu, tukacheka wote wawili.

Sasa nina hofu mpya, kwa sababu pampu haitatengenezwa na makofi. Jumatatu saa mbili namwona mkuu wa chuo. Niombee.

Niliporudi jana nilimkuta Bibi anamenya mihogo. Skafu nilikuwa nimeivua njiani kwa mazoea, nimeikunja mkononi. Akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Tumeshinda, Bibi." Akaendelea kumenya. Akamenya wote, akanawa, akaichukua skafu mkononi mwangu, akaenda nayo kwenye karo. Asubuhi hii nimeikuta imeanikwa kwenye kamba ya mbele, inayoonekana barabarani, karibu na ile ya Babu.

Ña Porfiria ataondoka kesho kwa basi la alasiri, na pamoja na barua anakuletea chipa sita na unga wa mahindi. Baba anakusalimu kwa kutikisa kichwa, hiyo ni salamu ndefu kwake. Msalimie binamu Wilfrido, mwambie asiache shule. Msalimie pia Ña Teófila mnayeishi naye chumba kimoja, na umshukuru kwa yale maji ya tangawizi aliyokuchemshia ulipokuwa unaumwa. Mungu akulinde na baridi, akurudishe kwetu Krismasi ukiwa na kifua kizima.

Nilikuwa nafunga barua, Bibi amekuja kusimama nyuma yangu. Ameniuliza kama nimekueleza yote. Nimemwambia yote. Akasema hapana, kuna salamu zake mwenyewe, niziandike neno kwa neno kama anavyozitamka, nisipunguze. Nimechukua kalamu. Ametazama kwanza nje, kwenye kamba, halafu akasema:

"Mwandikie Obdulia, wekundu wameshinda."

Halafu akacheka, Shangazi, mpaka akatafuta kiti.

Mwanao akupendaye,
Nimia