Kampuni ya Baba Haiuzwi

Msambweni, Jumatatu

Kaka Swabir, shikamoo.

Huku tu wazima, alhamdulillahi, na mama anakusalimu hadi huko Maskati. Goti lake limepoa. Juzi alikwenda kukifungua kituo chetu kipya cha Tiwi, akalitia gari la kwanza petroli kwa mkono wake, watu wakapiga vigelegele. Sasa tuna vituo vitatu, na lori letu linapeleka dizeli kwenye hoteli za Diani. Nami namkumbuka marehemu baba, aliyeianza kampuni hii kwa pipa moja la mafuta ya taa, akiyapima kwa chupa ya soda.

Jumatano walikuja mabwana wawili wa kampuni kubwa kutoka Nairobi. Walitaka kununua vituo vyote, na jina pia.

Nikawaambia, "Hatuuzi."

Mmoja akatabasamu, akanitolea barua. "Mbona kakako amekwisha kukubali kwa niaba ya familia?"

Sahihi niliijua, kaka. Niliwamiminia kahawa, nikasema, "Kaka anaweza kuuza hisa zake. Za mama na zangu ni nyingi zaidi, nazo haziuzwi."

Wakanywa, wakaaga.

Hasira zimekwisha. Najua ugenini kuna dhiki zake, na ukitaka kazi, Tiwi inahitaji meneja. Ila mama aliniuliza barua ile ilikuwa ya nini, nikamjibu ni mambo ya biashara tu. Sikuwahi kumficha neno kabla ya hapo, na sitaweza tena. Njoo Idi hii umwambie mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Mejumaa