Vita vya Ghalani

Al Quoz, Dubai
12 Oktoba 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo unaendeleaje? Mimi sijambo, ila joto la huku linanitoa roho.

Nimehamishiwa kwenye ghala ambamo watu wanalipa kucheza vita. Usicheke. Wanavaa nguo za mabaka, wanapigana kwa bunduki za kuchezea zinazorusha vipira vya plastiki, kisha wananunua soda. Arbab wangu, ndivyo huku wanavyomwita tajiri, Humoud, ameongeza moshi na milio ya mabomu, lakini wateja wanasema bado si kama vita. Kasikia wewe ulipigana Kagera. Ameahidi nikimletea mambo ya kweli na wateja wakaridhika, Noeli atanipa likizo. Miaka minne, Baba.

Najua vita huvisemi, hata marehemu Mama hukumwambia. Nakuomba kidogo tu. Nataka kuja nyumbani.

Mwanao,
Auleria

Kamachumu
3 Novemba 2006

Mwanangu Auleria,

Milele amina. Marahaba. Mgongo upo, tumeshazoeana. Yule ng'ombe mwekundu kazaa.

Nilikuwa nimeapa kutosema. Lakini kama maneno hayo ndiyo yatakayokurudisha, chukua. Mwambie huyo bwana azime moshi wake. Vita ni kungoja. Awanyang'anye wateja simu na saa, asiwaambie mwisho ni lini. Maji ya kikosi yakae kwenye dumu moja, alibebe mmoja waliyemchagua wenyewe. Huyo akipigwa, aondoke na dumu lake. Wetu alikuwa Japhet, mcheshi, mwizi wa sukari. Alikwenda mtoni akituonya tusimmalizie sigara. Hakurudi. Kiu ile ninayo mpaka leo.

Nikiwa huko vitani, bibi yako alikuwa ananiwekea chakula kila jioni, anakifunika kwa jani la mgomba, kama vile niko shambani narudi. Senene wameanza kuanguka. Wako nimewakaanga, nimewatia kwenye kopo.

Baba yako,
Pius

Al Quoz, Dubai
1 Desemba 2006

Baba,

Shikamoo. Mgongo je? Nami nina afya.

Tulifanya ulivyosema. Mabwana wazima walikaa sakafuni bila simu, wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Mbeba dumu alipopigwa akaondoka nalo, hakuna aliyefyatua tena. Mchezo ulipoisha akatoka chumba cha wafu, wanapongojea waliopigwa, wakamkumbatia, mmoja akilia waziwazi. Nilisimama pembeni na Apollo, mlinzi wetu Mganda. Baba yake alikuwa upande wa pili wa vita vyenu, naye hakurudi. Anakusalimia sana.

Arbab kafurahi kupita kiasi. Nafasi zimejaa mpaka Machi. Nilipomkumbusha likizo akasema, "Khalas, basi, Auleria, sasa siwezi kukuachia. Baada ya msimu, inshallah." Pasipoti anayo yeye. Tumeifanya kazi vizuri mno, Baba, na ndiyo inayonizuia. Nimelia sana. Noeli msinisubiri.

Mwanao,
Auleria

Kamachumu
27 Desemba 2006

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Mgongo uliniruhusu kwenda misa.

Barua yako iliponifikia nilikasirika, nikaenda kukatia ng'ombe majani mpaka hasira ikapungua. Usijilaumu. Siku ya Noeli watoto wa kaka yako waliuliza sahani niliyoifunika mezani ni ya nani. Nikawaambia ni yako, nikawaeleza habari za bibi yako, kisha za Japhet, mpaka chai ikapoa. Sikuwa nimewahi kuyasema. Mwambie Apollo nimemwombea baba yake.

Kuna jambo nilisahau kumwandikia arbab wako. Mtu aliye vitani lazima awe na chakula kilichofunikwa mahali. Hilo hawezi kuliweka ghalani.

Nimekukumbuka, Auleria, siwezi kuficha. Chako kimefunikwa kwa jani, na kopo la senene sijalifungua.

Baba yako,
Pius