Mikono ya Dada na Chuma Kiunoni

Jumapili. Mvua ya Durban, ile isiyonyesha wala isiyoacha. Joto halikuondoka, kwa hiyo mtu unalowa mara mbili, nje kwa mvua na ndani kwa jasho. Moyo nao uko hivyohivyo, kama mtu aliyemeza kidonge bila maji.

Nianze na lililo jepesi, zito litajileta lenyewe.

Nimeizoea bastola.

Haya, nimeandika. Wasomaji wangu wa siku zote, ninyi wanne pamoja na shemeji yangu anayesoma ili apate la kumwambia mke wangu, mnakumbuka kwamba mwaka jana nilipata uraia. Miaka yote ile ya kupanga foleni, hatimaye nikawa mtu wa hapa. Wenzangu wakipata uraia husafiri, au huomba mkopo wa nyumba. Mimi haki ya kwanza niliyoitumia kama raia wa Afrika Kusini ilikuwa kuomba leseni ya bastola. Yaani nilisubiri miaka yote ile nipate ruhusa ya kuwaogopa raia wenzangu kisheria.

Sababu nilishaiandika humu. Vijana wawili waliingia saluni kwangu Overport mchana kweupe, wakanipigisha magoti juu ya nywele nilizokuwa nimezikata kwa mikono yangu. Mmoja alinishika shingo, akaniwekea mdomo wa bunduki kisogoni, pale pale ninapowapitishia wateja wembe, akaniambia nirudi kwetu. Mteja wangu alibaki kitini na nusu kichwa. Walipoondoka nikamalizia ule upande wa pili, na mzee wa watu akatoka na kichwa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Hakulalamika. Alinishika tu bega, akaenda.

Basi nikaenda kusoma bastola. Mwalimu wetu alikuwa polisi mstaafu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeuza bima. Alitufundisha kuivaa, kuitoa, kuisafisha, na hasa kutoitoa. Lakini lililonikaa ni jambo moja alilosema akinywa chai: mwanzoni utaihisi kila unapopiga hatua, utadhani mji mzima unaiona. Ivae tu kila siku. Itafika siku utasahau kwamba umeivaa, na siku hiyo ndiyo umeizoea.

Wiki za kwanza zilikuwa vichekesho. Watu wembamba huivaa mbele, chini ya kitovu. Mimi mbele pana mpangaji wa miaka mingi, kitambi changu, na hakubali kuhamishwa. Ikabidi iende kiunoni upande wa kulia, nyuma kidogo. Nikanunua suruali kubwa zaidi na mkanda mgumu kama wa punda, nikaacha kuchomekea shati. Mke wangu Esperanse aliniangalia nikivuka sebule, akasema, "Baba, unatembea kama mtu mwenye jipu." Nikikaa kwenye gari inanichoma ubavu. Nikiinama kufagia nywele naivuta suruali juu. Kila aliyenitazama barabarani nilidhani anajua, kumbe wengi walikuwa wanatazama kitambi.

Kazini mambo yalikuwa afadhali, maana aproni ya kinyozi inaficha mengi. Shida ilikuja pale nisipoitarajia.

Shida ni kukumbatiana.

Ninyi msiotoka Burundi labda hamjui. Sisi salamu haiishi mkononi. Unamkumbatia mtu, mikono yako inapita chini ya mikono yake, inashuka mgongoni mpaka kiunoni, inampapasa taratibu, mnatulia hapo mkiulizana amani, mnaachana kidogo mkishikana mikono, mnaangaliana, mnakumbatiana tena. Mtu na mtu. Hata yule mliyeonana jana. Na saluni yangu ni njia panda ya Warundi na Wakongomani wote wa upande huu, kwa hiyo kutwa nzima nakumbatiwa kama bibi harusi.

Sasa mkaribishe mtu kiunoni ukiwa na chuma.

Nikajifunza kukwepa. Mteja akiingia ananikuta nimeshika mashine ya kunyolea. Nasimama nyuma ya kiti. Natoa bega la kushoto, kiuno cha kulia nakirudisha nyuma kama mtu anayepisha meza. Nilifanya hivyo mpaka kiuno kikajua chenyewe. Papa Fredi, Mkongomani anayeuza simu jirani yangu, akaliona. "Patron," akaniambia mbele ya wateja, "tangu upate kitambulisho cha wenyeji unatusalimia na vidole? Sisi iko na ukoma?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamwambia ni mgongo unanisumbua. Akasema, "Mgongo iko nyuma, patron. Wewe unaficha ubavu." Nilimwacha aamini ninaringa. Afadhali nionekane mwenye majivuno kuliko mwenye silaha.

Lakini Jumapili nilijiwekea sheria. Jumapili bastola inabaki ndani ya sefu, kwa sababu Jumapili ni siku ya kanisa na kanisani kuna dada.

Dada Godeliva anakaa Pinetown, anashona sare za shule nyumbani kwake. Ndiye aliyenilea. Vita vilipotufukuza Bujumbura mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilipochoka njiani alinibeba mgongoni, miguu yangu mirefu ikiburuta. Mpaka leo, mtu mzima na mvi zangu, ananitambulisha kwa wageni: "Huyu ni mzigo wangu." Kambini Kigoma alinifundisha kunyoa kwa wembe mmoja tuliokuwa nao. Kumbatio la dada ndilo lililokuwa nyumba yetu, kabla hatujapata nyumba.

Na dada ndiye mtu wa mwisho duniani niliyetaka ajue. Kwa sababu ya Ladislasi.

Ladislasi alikuwa kaka yetu mkubwa. Kijana mstaarabu, viatu vyake vikimetameta. Vita vilipoanza vijana wa mtaa wetu walijikusanya kulinda barabara usiku, na kweli walilinda, mama alikuwa akiwapelekea chai. Jioni moja Ladislasi akarudi, akamkumbatia dada, na dada akakuta chuma kiunoni mwake. Alimwuliza. Akamjibu ni ya kujikinga tu. Baadaye walinzi wale wakaanza kuingia kwenye nyumba za majirani. Muuza maziwa wetu, ambaye alikuwa akiniongezea kidogo bure, aliuawa nyumbani kwake pamoja na wanawe. Ladislasi hakusema usiku ule alikuwa wapi, na hakumkumbatia tena mtu yeyote nyumbani. Kisha naye akauawa. Dada amenisimulia mara moja tu, na aliposema "chuma" alijigusa kiuno chake mwenyewe.

Leo asubuhi tulichelewa. Mvua, Esperanse anapiga honi nje, mimi natafuta soksi. Nikavaa shati, mkanda, nikachukua pochi, simu, funguo. Mkono uliendelea na kazi yake ya kila siku. Ulifungua sefu, ukachukua, ukavaa, ukafunga. Mimi nilikuwa nafikiria soksi.

Nilikuwa nimesahau kwamba nimeivaa. Mwalimu angejivunia.

Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, kitenge cha bluu, mwavuli unachuruzika. Nilimkumbatia kwa mikono yote miwili, bila kujikunja, jinsi ninavyomkumbatia kila Jumapili. Mikono yake ikapita, ikashuka mgongoni, ikafika.

Ikasimama.

Vidole vyake vilizunguka kile kitu polepole juu ya shati, jinsi anavyotafuta pindo la nguo gizani. Mimi nikakumbuka kila kitu kwa pamoja. Tulikuwa shavu kwa shavu, watu wakitupita wakikung'uta miavuli.

"Damasi," akasema sikioni mwangu. "Iko nini hapa?"

"Ni ya kujikinga tu, dada."

Laiti ningekuwa na maneno mengine. Kiswahili ni kikubwa, Kirundi ni kikubwa, na mimi nikaenda kuchukua yaleyale.

"Bon," akasema. "Ladislasi naye alisema hivyo."

Akarudi nyuma hatua moja. Akanipa mkono. Mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kichwa kimeinama kidogo. Mnajua salamu hiyo. Ni ya kumpa mkubwa wa serikali, au askari aliyefunga barabara na unataka akupitishe. Halafu akaingia ndani, akakaa na akina mama upande wa pili.

Mahubiri yalihusu nini, muulizeni Esperanse.

Nilikaa pale nikiwa na hasira. Nilimjibu dada kichwani nyimbo zote zile zikiimbwa. Mimi si Ladislasi. Mimi ni kinyozi mwenye kitambi na leseni. Polisi walikuja nyumbani wakakagua sefu yangu. Ladislasi alifundishwa na nani? Na dada mwenyewe si alifunga mlango akajificha chini ya cherehani siku walipokuwa wanavunja maduka ya wageni Pinetown? Angetaka mimi nipige magoti mara ngapi? Nilikuwa na hoja nzuri, zimepangwa kama chupa kwenye kioo cha saluni.

Tatizo ni kwamba dada hakuniuliza leseni.

Tukirudi nyumbani tukasimama kwenye robot, ndivyo wenyeji wanavyoziita taa za barabarani, ikiwa nyekundu. Mwanamume mmoja akaja dirishani upande wangu na kugonga kioo. Alikuwa anauza chaja za simu, amezifunika kwa plastiki zisilowe. Akaona sinunui, akaninyooshea dole gumba, "Sharp, baba," akaenda gari la nyuma. Ndipo nilipogundua mkono wangu wa kulia uko wapi. Ulikuwa umeshaingia chini ya shati.

Esperanse aliuona. Alizima redio.

Eish.

Mchana niliifungia ndani ya sefu, nikaangalia mara mbili, nikajipapasa mwenyewe mbele ya kioo kama askari wa uwanja wa ndege. Esperanse akaniuliza, "Unakwenda Pinetown hivyohivyo?" Nikamwambia hivyohivyo. Nikaendesha peke yangu. Barabara nzima nilijihisi mwepesi vibaya, kama mtu aliyetoka bila suruali. Kwenye kila robot nilifunga milango iliyokwisha kufungwa. Niseme kweli: niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kabla sijainunua.

Dada alifungua geti mwenyewe, sentimita ya mshonaji shingoni, uzi umemng'ang'ania kwenye nywele. Akaniangalia. Nilinyanyua tu mikono kidogo. Na yeye, Mungu ambariki, akafungua ya kwake.

Nikaingia.

Hapo yalitokea mambo mawili kwa wakati mmoja, na ndiyo yaliyonikalisha hapa kuandika.

Kiuno changu cha kulia kilirudi nyuma. Sikukituma. Hapakuwa na kitu pale, lakini kilirudi, kikampisha, kama nilivyokifundisha miezi yote hii. Na mkono wa dada haukupita mgongoni. Ulikwenda moja kwa moja pale pale, ukakifuata kiuno kilipokimbilia, ukabonyeza. Ulikuta shati na nyama.

Dada yangu alinipekua.

Tulibaki hivyo, shavu kwa shavu, kila mmoja akijua alilofanya mwenzake.

"Hakuna," nikasema.

"Nimeona," akasema.

Kisha akanipiga kofi dogo pale pale kiunoni, akasema, "Hapa iko mafuta ya kutosha, mzigo wangu. Risasi gani itapita?" Tukacheka. Akanipikia chai ya tangawizi, akanipa parachichi la jirani, akalalamika kuhusu vifungo vya siku hizi. Niliondoka jua halijazama. Getini alinikumbatia tena, na nilijitahidi, nilijitahidi kweli, nilikishikilia kile kiuno kama mtoto anayekataa sindano. Mkono wake nao ulianza kushuka, ukajizuia, ukarudi mabegani. Ukakaa mabegani.

Mikono ya dada haijawahi kukaa mabegani mwangu.

Sasa mvua inaendelea. Esperanse anapiga pasi aproni zangu. Wale vijana wawili hawajakamatwa, na juzi Papa Fredi kasema mmoja ameonekana tena karibu na duka la mikate. Kesho ni Jumatatu, nafungua saluni, na sijidanganyi wala siwadanganyi ninyi: nitafungua sefu, nitaivaa, na nikifika robot ya kwanza nitakuwa nimeshaisahau.

Ila ningempata yule mwalimu, na chai yake, ningemwuliza alilosahau kutufundisha. Ukishaivua, kiuno kinarudi lini?